PUNJE CHACHE ZAGEUZA MELI: NANI ALIPE?



Ukisimama gatini Kilindini siku meli ya nafaka inaposhusha, huwezi kuitambua punje moja na nyingine. Zote ni mahindi. Karani aandika tani, dereva wa lori apewa karatasi yake, mwenye kinu angoja mzigo wake, na mama nyumbani angoja unga. Lakini yako mahindi ambayo serikali moja imeyapa ruhusa na serikali nyingine haijayapa, na punje zake chache zikiingia katika shehena zaweza kuifanya meli nzima igeuzwe bandarini kama mgeni asiye na pasi. Jambo hili limekwisha kutokea zaidi ya mara moja duniani, na hasara yake haikumwangukia aliyelianzisha peke yake. Ndiyo sababu nimeona yafaa tulizungumze katika gazeti letu, maana wengi wetu twapata riziki katika nafaka. Wapo wa bandarini, wapo wa reli na malori, wapo wa vinu vya unga, na wapo ambao wazee wao wangali wanalima mahindi huko Trans Nzoia na Uasin Gishu.

Nasema mapema kwamba siandiki ili kusema mahindi yaliyobadilishwa jeni, haya ambayo watu huyaita GMO, ni sumu. Wala siandiki kusema ni dawa ya njaa. Mabishano hayo yana wenyewe, na kila upande una maprofesa wake. Mimi nauliza neno la sokoni na la kazini: mtu akitoa bidhaa ambayo mnunuzi bado hajaikubali, ikachanganyika na mali ya wengine, ikaharibu soko, nani alipe?

Kwanza tuitazame habari ya StarLink. Mwaka 1998 serikali ya Marekani ilitoa ruhusa kwa mbegu ya mahindi yenye jina hilo, ambayo baadaye ilikuwa mali ya kampuni ya Aventis CropScience. Mbegu ile ilitiwa jeni kutoka kwa bakteria wa udongoni, ili mmea wenyewe utengeneze protini iitwayo Cry9C, nayo imuue kiwavi anayetoboa mabua. Wataalamu walipoitazama protini ile waliona haivunjiki upesi kama nyingine, wakaogopa isije ikawaletea mzio baadhi ya watu. Basi wakatoa ruhusa nusu: mahindi haya yalishwe wanyama, yatumike viwandani, lakini yasiliwe na watu.

Hapo ndipo penye kichekesho, ndugu zangu. Nani kati yetu amewahi kuona hindi linalojua kama linakwenda kwa ng'ombe au kwa mtoto? Mkulima aliambiwa aache nafasi ya futi 660 kati ya shamba la StarLink na la jirani, kana kwamba vumbi la mbelewele hupimwa kwa kamba na upepo husoma barua. Wakulima wengi walisema baadaye kwamba hata habari hiyo ya kutenga hawakuelezwa sawasawa. Mashine ya kuvuna ni ile ile, lori ni lile lile, ghala ni lile lile. Aliyeandika ruhusa ile nadhani hajapata kubeba gunia.

Mwezi wa Septemba 2000 vyama vya watu wa kutetea wanunuzi na mazingira vilichukua vyakula dukani, vikavipeleka kupimwa, na alama ya StarLink ikaonekana katika maganda ya taco, yaani zile chapati ngumu za mahindi zinazokunjwa na kutiwa nyama. Kampuni ya Kraft, iliyokuwa ikiyauza kwa jina la Taco Bell, ikayarudisha kutoka madukani. Halafu wengine nao wakarudisha, mpaka vyakula vilivyoondolewa vikapita aina 300. Mwezi uliofuata kiwanda cha Kellogg kilichoko Memphis kilisimamisha kazi kwa muda, kwa sababu hapakuwa na mahindi ambayo muuzaji aliweza kuyatolea dhamana kwamba ni safi. Wafanya kazi wa kiwanda kile hawakupanda mbegu, hawakuuza mbegu, na mashine zao hazikuwa na kosa lolote.

Sasa sikilizeni hesabu. Mwaka ule StarLink ilipandwa katika ekari kama 350,000. Ni nyingi kwa macho yetu, lakini Wamarekani walikuwa wamepanda mahindi karibu ekari milioni 80. Yaani haikufika hata ekari moja katika kila mia mbili. Hata hivyo alama yake ilitokea Japani na Korea Kusini. Japani ndiye aliyekuwa mnunuzi mkubwa wa mahindi ya Marekani kuliko wote, kiasi cha tani milioni 16 kwa mwaka. Wajapani hawakuwa wameiruhusu StarLink kuliwa na watu, nao wakataka kila mzigo upimwe. Wanunuzi wengine wakaanza kutafuta mahindi ya chakula kwa wauzaji wa nchi nyingine.

Wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Carter na Smith, walikaa wakapiga hesabu ya bei. Waliona kwamba bei ya mahindi ya Marekani ilishuka kwa 6.8 katika mia chini ya vile ambavyo ingekuwa, na hali hiyo ikakaa mwaka mmoja. Msiidharau hiyo sita na kitu. Kwa mfano, mkulima anayeuza gunia kwa shilingi 3,000 angekuwa amepoteza shilingi 204 katika kila gunia, na mwenye magunia mia angekuwa amepoteza 20,400. Tena hasara haikuchagua. Aliyepanda StarLink na ambaye hakupata kulisikia jina hilo waliuza katika soko moja kwa bei moja.

Je, kuna mtu aliyeugua? Baadhi ya watu walisema walidhurika baada ya kula. Idara ya Marekani ya kuzuia magonjwa ilipima damu zao, na mwaka 2001 ikatoa habari kwamba haikuona ushahidi kuwa protini ile ndiyo iliyowadhuru. Nataja jambo hili kwa sababu ya haki, na kwa sababu lina funzo la biashara. Soko halingoji mtu augue. Mnunuzi akisema hataki, hataki. Duka ni la muuzaji lakini pesa ni za mnunuzi. Kampuni ilirudisha ruhusa ya mbegu ile mwezi wa Oktoba 2000, na mwaka 2003 yakakubaliwa malipo ya dola milioni 110 kwa wakulima ambao hawakuipanda na bado walipata hasara.

Mtu angedhani baada ya hapo wakubwa wa mbegu wamejifunza. Haikuwa hivyo, na habari ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza.

Kampuni ya Syngenta ya Uswisi ilitengeneza mahindi yenye badiliko la jeni lililoitwa MIR162, ikayaita Viptera. Mwezi wa Aprili 2010 Marekani ikatoa ruhusa kamili, ya wanyama na ya watu, na mbegu ikauzwa kwa wakulima kwa msimu wa 2011. China, iliyokuwa imeanza kununua mahindi ya Marekani kwa wingi, ilikuwa bado haijajibu ombi. Kampuni haikungoja. Mwaka 2012 mkuu wake alisema ruhusa ya China iko karibu sana, jambo la siku chache. Siku chache hizo zikawa zaidi ya miaka miwili na nusu.

Tena yupo aliyeona hatari mapema. Kampuni ya nafaka iitwayo Bunge (jina lisiwachanganye, hawa si waheshimiwa wetu wa Nairobi) mwaka 2011 ilibandika matangazo katika maghala yake kwamba haitapokea Viptera, kwa kuwa yauza nje na haitaki mzigo wake ukataliwe. Syngenta ikafanyaje? Ikaishitaki Bunge mahakamani, ikitaka ilazimishwe kuondoa matangazo. Hakimu akakataa kuilazimisha. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Mwenye ghala asema, "Mimi sitaki kuchukua kitu ambacho mteja wangu hataki," na muuza mbegu ampeleka kortini kwa neno hilo!

Hapa lazima nieleze namna nafaka inavyosafiri, maana ndipo ilipo siri ya mambo yote, na nyinyi mnaoshika kazi hii mtaielewa kuliko wakili. Nafaka haisafiri kama gunia lenye jina la mwenyewe. Mkulima wa Iowa au Illinois apeleka lori lake katika ghala la mtaani, mahindi yake yamwagwa juu ya mahindi ya jirani. Kutoka hapo yaingia katika tishari, yashuka mto Mississippi. Tishari moja la huko huchukua kama tani 1,500. Karibu na New Orleans matishari yanyonywa na mitambo, mahindi yapita katika mikanda na kumwagwa tumboni mwa meli ya tani 50,000 au zaidi. Basi katika meli moja kuna matishari thelathini na zaidi, na katika kila tishari kuna jasho la wakulima wengi wasiojuana. Wakulima ishirini wakiwa na mbegu ya kawaida na mmoja akiwa na ile isiyotakiwa, mnapofika baharini hakuna tena ya ishirini na ya mmoja. Ni mahindi tu.

Na upimaji wa siku hizi ni mkali. Mahindi yasagwa, yatiwa maji, kijikaratasi chatumbukizwa, na mstari ukitokea, basi. Palipo na sheria ya sifuri, sifuri ni sifuri. Haiulizwi kama ni punje kumi au ni nusu ya shehena.

Mwezi wa Novemba 2013 Wachina wakaanza kuzigeuza meli. Katika miezi iliyofuata mahindi yaliyokataliwa yalipita tani milioni moja, yaani zaidi ya magunia milioni 11 ya kilo 90. Hata machicha ya viwanda vya ethanoli, ambayo hulishwa mifugo, yalikataliwa. Meli nyingine zikatafutiwa wanunuzi mahali pengine, kwa bei ya mwenye shida. China ikanunua mahindi ya Ukraine. Kadhalika ikanunua mtama kwa wingi, tena kutoka Marekani kwenyewe, kwa sababu mtama haukuwa na jeni hizo. Basi mkulima wa mtama alicheka mwaka ule, na wa mahindi akalia, na wote wawili wako katika kaunti moja. Ruhusa ya China ilikuja mwezi wa Desemba 2014.

Chama cha wafanya biashara wa nafaka wa Marekani kilikadiria mapema mwaka 2014 kwamba hasara yaweza kuwa kati ya dola bilioni 1 na bilioni 2.9. Syngenta ilikana. Ilisema bei imeshuka kwa sababu mavuno ya 2013 yalikuwa makubwa mno, na kwamba mkulima ana haki ya kupata mbegu nzuri bila kungoja serikali ya ugenini. Sitaki kuwa kama wakili wa upande mmoja, kwa hiyo nasema katika neno la kwanza kulikuwa na ukweli. Mavuno yale yalivunja rekodi, na bei ilikuwa imekwisha kuanza kushuka kabla meli ya kwanza haijageuzwa. Lakini mtu aliyekwisha kulowa kwa mvua hatakubali umwagie ndoo ya maji halafu useme, "Ulikuwa umelowa tayari." Mahakama huko Kansas hawakukubali. Mwezi wa Juni 2017 wazee wa baraza waliwapa wakulima wa jimbo lile dola milioni 217.7. Baada ya miezi michache kampuni ikakubali kumaliza mashitaka mengi kwa dola bilioni 1.51, na hakimu akapitisha mwezi wa Desemba 2018.

Tusisahau kwamba mwaka 2014, jambo la Viptera likiwa halijapoa, kampuni ile ile ilitoa mbegu nyingine, Duracade, ambayo China haikuwa imeikubali vilevile. Na mwaka 2017 shirika la serikali ya China, ChemChina, liliinunua Syngenta yenyewe kwa dola bilioni 43. Aliyekuwa akigeuza meli akawa mwenye duka la mbegu. Mambo ya wakubwa hayo, sina la kuongeza.

Sasa tazameni zile bilioni moja na nusu zilivyogawanywa. Mawakili walichukua thuluthi moja, zaidi ya dola milioni 500. Mafungu ya waliolipwa yalikuwa ya wakulima, ya wenye maghala ya nafaka, na ya viwanda vya ethanoli. Fungu la kuli halikuwako. Fungu la baharia wa tishari halikuwako. Wala la dereva, wala la karani wa mzani, wala la kijana wa kufagia ghala. Mahakamani hasara huandikwa kwa bei ya gunia, na mtu asiye na gunia huhesabiwa kuwa hakupoteza kitu.

Neno hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nalijua. Nilipokuwa kibarua, kabla ya kuandikwa kazi ya kudumu, ilikuja meli ya nafaka ikazuiwa ili mzigo upimwe. Siku ile haikuwa habari ya GMO, ilikuwa unyevu na ukungu. Tulikaa langoni siku nne. Mwenye meli alilipwa kwa kucheleweshwa, maana imeandikwa katika mkataba wake. Wakala alilipwa, na maabara ililipwa. Sisi tuliambiwa, "Rudini kesho." Siku ya tatu nilikopa nauli ya matatu kwa mama muuza chai, na siku ya nne nikaona haya kupita mbele ya meza yake. Meli ilipofunguliwa, bwana mmoja wa ofisini alisema tumshukuru Mungu hakuna aliyepata hasara. Alisema kweli kwa namna alivyohesabu.

Wako wanaouliza: habari za Mississippi zatuhusu nini? Zatuhusu, ndugu zangu. Serikali yetu ilikataza kuingizwa kwa vyakula vya GMO mwezi wa Novemba 2012, na tarehe 3 Oktoba 2022 Baraza la Mawaziri likaondoa katazo hilo, na mashauri yakafunguliwa kortini. Nchi zinazotuzunguka hazikwenda nasi hatua kwa hatua. Tanzania mwaka 2018 iliamuru majaribio ya mbegu hizi yasimamishwe. Afrika Kusini nayo imelima mahindi haya tangu miaka mingi. Kwa hiyo katika bara letu hili la Afrika zipo ruhusa za kila namna, na malori hupita kati yake usiku na mchana.

Tena mpaka kufungwa kwa sababu ya kitu kisichoonekana kwa macho tumekwisha kuona sisi wenyewe. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilikataza mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumu ya ukungu, aflatoksini. Malori yakakwama Namanga. Baada ya siku chache katazo likalegezwa, yakawekwa masharti ya vyeti na vipimo. Mimi sisemi serikali ilikosea kuogopa aflatoksini, maana imewaua watu wetu Ukambani mwaka 2004, na hiyo ni sumu kweli, si mabishano ya maprofesa. Nasema hivi: siku zile nani alimlipa turniboi aliyelala chini ya lori? Gunia lilikuwa na mwenyewe na mwenyewe alikuwa na simu ya waziri. Turniboi alikuwa na blanketi.

Basi ikitokea kesho mbegu yenye ruhusa Nairobi lakini isiyo na ruhusa Dodoma, au ikija meli yenye ruhusa ya New Orleans lakini isiyo na ruhusa yetu, mambo yatakwenda njia ile ile. Sisi Kenya huwa wanunuzi wa mahindi kuliko wauzaji, na mnunuzi ana nguvu yake. Lakini nguvu hiyo si sawa kwa wote. China ilipokataa, dunia iliinama. Meksiko ilipotoa amri mwezi wa Februari 2023 kwamba mahindi ya GMO yasitumike katika unga wa chapati zao, Marekani iliipeleka mbele ya baraza la mkataba wa biashara, na mwezi wa Desemba 2024 Meksiko ikashindwa. Mnunuzi mkubwa hukataa kwa neno, mnunuzi mdogo hutakiwa kuleta ushahidi.

Rafiki yangu mmoja wa kinu cha unga aliposoma maneno haya kabla hayajapigwa mashini alinibishia. Alisema, "Ukitaka kampuni ingoje kila nchi ikubali, basi serikali moja yenye hila yaweza kumzuia mkulima wa nchi nyingine kupata mbegu nzuri miaka kumi." Ni neno la maana, na sikulijibu upesi. Wako waliosema China ilichelewesha ruhusa ya Viptera kwa hesabu zake za biashara na si kwa kuogopa mahindi. Yawezekana. Lakini mimi namjibu hivi: asiyetaka kungoja, na asingoje, lakini abebe mzigo wake mwenyewe. Aitenge mbegu yake kwa gharama yake, awe na ghala lake na njia yake, na kabla hajauza debe la kwanza aweke dhamana ya pesa mahali ambapo watakaoumia wataweza kuifikia bila kungoja kesi miaka minne. Kama ana hakika kwamba haitachanganyika, dhamana itamrudia. Kama hana hakika, basi alikuwa anacheza kamari kwa pesa zetu.

Nchi yetu ina sheria ya usalama wa viumbe ya mwaka 2009, na iko mamlaka iliyowekwa kuisimamia. Viongozi wetu wa chama wakienda kuzungumza na mamlaka hiyo na wenye meli na wenye vinu, nataka waende na maneno ya mfanya kazi, si ya mwenye gunia tu. Meli ikisimamishwa ili kupimwa, kibarua aliyeitwa kwa meli ile alipwe siku yake kama mwenye meli anavyolipwa yake. Sampuli zikichukuliwa, mjumbe wetu awepo aone, maana mara nyingi lawama ya mchanganyiko huangukia kijana wa ufagio kwamba hakusafisha mkanda. Karatasi ya mzigo isemayo mbegu ni ya namna gani ibandikwe mahali tunapoweza kuisoma, kwa Kiswahili. Na vitambaa vya pua vitolewe, kwa sababu vumbi la nafaka huumiza kifua, liwe la GMO au la mbegu ya babu.

Katibu wa tawi amekubali jambo hili liwekwe katika mazungumzo ya mkutano ujao. Yeyote aliyepata kurudishwa langoni kwa ajili ya mzigo kupimwa, na alete tarehe, jina la meli na idadi ya siku. Wenye vikaratasi vya kuitwa kazini wavilete pia, hata kama vimechakaa. Tutaviandika katika kitabu cha tawi ili wajumbe wetu wasiende mikono mitupu.

Ndimi ndugu yenu,
Karani wa kuhesabu mizigo